Mvuto wa Nne

Nimeuweka ubao mezani, kati ya mkate na kibakuli cha chumvi.
Unaenea kiganjani. Kijani chake ni cha jani la kabichi
lililonusurika na konokono.
Baba anautazama kwa jicho moja;
la pili liko dirishani, kwenye mnara wa kanisa,
inakoning'inia kamba aliyoivuta miaka arobaini na mitatu
kwa mikono hii hapa, iliyovimba viungo,
isiyoweza siku hizi kufunga kifungo cha shati.

Parokia imenunua mota huko chini, Tolmin.
Mota ina nguvu, haina saa.
Wa kuiambia saa ndiye huyu kibete,
naye hajaandikwa neno. Ukimpa umeme
anawasha taa nyekundu, anakodoa, basi.

"Punguani?" anauliza Baba.
"Mtupu tu. Akili zake zimo kwenye kadi."
Kadi yenyewe ni ukucha. Anaipokea
kwa ncha za vidole, kama apokeavyo komunyo,
kisha ananirudishia upesi, asije akaivunja.

Naichomeka. Skrini inamwaga mistari myeupe
kama gunia la maharagwe lililotoboka.
"Basi anafanya kazi."
"Kwa akili ya kuazima, Baba. Ichomoe kadi, anarudi bubu.
Na kule juu kengele ikitikisika kadi italegea,
baridi nayo, popo nao. Nataka nimsakinishie mfumo ndani,
kwenye ile hifadhi iliyolehemewa ubaoni,
aamke nao kama wewe unavyoamka na jina lako."

Amri ni mstari mmoja. Kosea herufi moja
ufute diski isiyohusika: Novemba nilifuta
harusi ya dada yangu Zora, zikabaki picha tatu,
mbili za keki.
Leo nausoma mstari kwa sauti, kidole kikiufuata.
Nausoma tena.
Enta.

Asilimia nne.
Hakuna cha kutazama, nasi tunatazama.
Nje theluji inaporomoka kwenye bati la zizi la jirani,
na polenta, ugali wa huku kwetu, inatokota.
Asilimia kumi na tisa.
"Na kugonga, nani kamfundisha?"
"Wewe. Nilikurekodi mchana wa Sikukuu ya Wafu,
nikapima kila mvuto."
Anakoroga. Asilimia thelathini.
"Hata ule wa nne?"
Hata ule wa nne, ambao huchelewa kidogo,
kwa kuwa baada ya wa tatu bega la kulia humchoma
akabadili mkono.
"Nusu sekunde na ushee. Nimeiandika humo."
"Lile lilikuwa kosa, Jerica."
"Ndiyo saa sita ya kijiji hiki, Baba."
Hajibu. Polenta inashika chini, tunaisikia harufu sote wawili,
hakuna anayeinuka.

Mia.
Nazima. Nachomoa kadi. Nawasha.
Taa nyekundu, ile ile, jicho la samaki sokoni.
Nahesabu hadi kumi na moja, nimeshaanza kutafuta wa kumlaumu,
ndipo ya kijani inapepesa. Ikatulia. Ikapepesa tena,
na kwenye skrini, bila kadi,
swali moja: jina la mtumiaji?

Baba anavuta kiti. Anataka kumjibu mwenyewe, Lovrenc,
lakini kidole chake kinabonyeza vitufe viwili kwa mpigo,
L na K, kisha O na P.
Kibete anakataa. Hamjui mtu wa jina hilo.
"Atanijua," anasema,
anaiokota kadi, anaitia mfukoni mwa shati.
"Haina kazi tena hiyo."
"Najua."
Namfunga kifungo.